Picha za Mguu wa Kambo Kunda

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita, na asubuhi zangu zote zilifanana. Nilikuwa naamka saa kumi na moja, nachukua madumu mawili na kwenda kupanga foleni kwenye bomba la mtaa wetu wa Naviundu. Mwezi wa sita huku Lubumbashi una baridi inayouma vidole, na wanawake waliotangulia kwenye foleni hawana haraka ya kuacha maongezi. Nikirudi nawasha mbabula, jiko letu la makaa, nachemsha maji, namwamsha mdogo wangu Précieux, ambaye hana adabu ya kuamka mara moja. Halafu ndipo inaanza kazi yenyewe, yaani mguu wa Kambo.

Kambo ndivyo tunavyomwita bibi katika familia yetu. Jina lake ni Kunda. Alikuja mjini zamani kutoka Kabalo na babu Rigobert, Tate kama tulivyomwita, aliyekuwa fundi wa gari moshi. Babu alifariki mwaka uliotangulia. Kambo ana ugonjwa wa sukari, na ugonjwa huo umemfanya asione vizuri na asisikie kitu nyayoni. Mwezi wa tano alikanyaga kaa la moto lililoruka kutoka kwenye mbabula, akaendelea kutembea nalo hadi tuliponusa harufu ya ngozi inayoungua. Likawa donda kando ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto.

Papa Symphorien, muuguzi wa zahanati iliyo upande wa juu wa barabara, alitupa dawa na masharti. Kambo asikanyage chini. Donda lioshwe kila asubuhi kwa maji yaliyochemshwa na chumvi. Na kwa kuwa Kambo hawezi kwenda zahanati kila siku, nipige picha ya donda kila asubuhi na kumtumia. "Usifute hata moja," aliniambia. "Nataka nizilinganishe. Donda inapona polepole, lakini ikiharibika, inaharibika mbio."

Mama yangu, Laurentine, hakuweza kazi hiyo. Alikuwa anatoka alfajiri kwenda kungoja samaki wanaoletwa kutoka Kasenga, anawauza sokoni mchana kutwa, na jioni anarudi na usingizi machoni. Mara nyingi alilala amekaa, tonge la bukari, ugali wetu, bado mkononi. Simu kubwa aliiacha nyumbani kwa ajili ya picha, yeye akabeba ile ndogo ya vitufe. Kwa hiyo mguu ulikuwa wangu, na mwanzoni nilijivunia sana.

"Madame Infirmière amefika," Kambo alikuwa ananitania, yaani bibi muuguzi. "Leo utanipiga foto ya kucheka ao ya kununa?"

"Kambo, napiga muguu tu. Sipige sura."

"Basi ambia muguu icheke."

Wiki tatu zilikwenda hivyo. Donda likaanza kufunga, na Papa Symphorien akawa anajibu kwa maneno machache tu, kama watu wenye kazi nyingi wanavyojibu: "Nimeona. Iko muzuri."

Jumatatu ya wiki ya nne simu iligoma. Nilikuwa nimeosha donda, nimemsogeza Kambo karibu na mlango kwenye mwanga, nikabonyeza. Kamera haikupiga. Kwenye kioo kikatokea maneno ya Kifaransa, maana simu yetu, kama simu zote za mtaani, inaongea Kifaransa: nafasi haitoshi, futa baadhi ya vitu. Nikabonyeza tena. Maneno yale yale.

Hapa lazima nieleze sheria ya nyumba yetu. Mjomba wangu Guelor aliwahi "kusafisha" simu hiyo siku moja bila kuombwa, na picha zote za ubatizo wa Précieux zikaenda. Mama alilia siku mbili. Na sasa ndani ya simu hiyo hiyo zilikuwamo picha za mwisho za babu Rigobert. Mwezi wa nane tulikuwa tuondoe matanga yake, na watu wa huku wanajua maana yake: misa, chakula, ukoo mzima kutoka kaskazini, na kila mtu amevaa fulana yenye sura ya marehemu. Picha ya fulana ilikuwa humo, moja tu nzuri, babu amevaa koti lake la bluu la kazi. Mama alitutazama mimi na Précieux na kusema, "Muntu atakayefinya 'effacer' mu hii telefone, atoke mu nyumba yangu." 'Effacer' ni kitufe cha kufuta, na Mama hakuwa anatania.

Kwa hiyo nilikaa pale nikiitazama simu, na simu ikinitazama. Kufuta nilikatazwa. Kumsubiri Mama hadi jioni kulimaanisha kumwongezea tatizo juu ya matatizo. Ningeweza kwenda kwa Papa Symphorien kumwambia, lakini zahanati ni mwendo wa nusu saa kupanda, na shuleni waliochelewa walikuwa wanafagia uwanja mzima. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimechoka tu, kichwa kizito, miguu mizito, tangu wiki tatu. Nikaichukua picha ya Jumapili nikaituma tena.

Jibu lilikuja nikiwa nafunga viatu. "Nimeona. Iko muzuri. Muendelee vile vile."

Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Jumanne kamera iligoma tena. Sasa sikuweza kutuma ya Jumapili mara ya pili, angeitambua. Nikatafuta ya Ijumaa, ambayo niliipiga kwa upande mwingine, nikaituma hiyo. Ona jinsi mtu anavyozidi kuzama. Jumatatu nilitenda kwa uchovu, Jumanne nilitenda kwa akili. Na kwa kuwa sikuhitaji picha nzuri, sikumsogeza Kambo kwenye mwanga. Niliosha donda gizani, haraka haraka, nikafunga kitambaa, nikakimbia.

Jumatano Kambo alisema, "Bénie, leo muguu inakuwa moto. Gusa."

Niligusa. Ulikuwa wa moto kweli.

"Papa Symphorien alisema nini?" akaniuliza.

"Alisema iko muzuri, Kambo. Alisema tuendelee vile vile."

Na hapo sikusema uongo hata neno moja. Alisema hivyo kweli, ila alisema juu ya mguu wa Jumapili.

"Kama amesema, basi," Kambo akajibu, akajiegemeza ukutani, akafumba macho. Nikatuma picha ya Alhamisi ya wiki iliyopita. Siku hiyo shuleni mwalimu aliniuliza mara mbili jedwali la saba, sikumsikia.

Alhamisi, nilipofungua kitambaa, harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Nilifungua mlango wote. Pembeni ya kidole kidogo ngozi ilikuwa nyeusi, na wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya unyayo. Kambo alikuwa anatetemeka chini ya blanketi. Hakulalamika. Maumivu hakuyasikia, na macho yake hayakumfikisha huko chini. Alichojua juu ya mguu wake ni kile tu nilichomwambia mimi.

"Mbona unanyamaza?" akauliza. "Iko namna gani leo?"

Nilitaka kusema muzuri. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nilifunika mguu, nikamwambia jirani amwangalie Kambo na Précieux, nikatoka mbio bila viatu vya shule.

Papa Symphorien alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati na kikombe cha chai kilichopoa. Alikuwa amelinda wagonjwa usiku wote na uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Bénie? Leo hauko ku masomo?"

"Papa Symphorien, nilikudanganya," nikasema. Nilikuwa nahema na kulia pamoja. "Zile foto za Jumatatu, Jumanne na Jumatano, zote ni za zamani. Telefone ilijaa. Muguu ya Kambo imekuwa nyeusi."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akatoka na mkoba, akasimamisha pikipiki ya abiria, akanipakia katikati yake na dereva.

Nyumbani alivaa glavu, akamsogeza Kambo mlangoni kwenye mwanga, akatazama mguu kwa muda mrefu. Akabonyeza hapa na pale. Halafu akamwomba dereva wa pikipiki atafute gari, kwa sababu mgonjwa alikuwa wa kulala, si wa kukaa.

"Lazima daktari wa kupasua aone hii sasa, atayarishe kitanda," akasema. Akatoa simu yake mfukoni. Ilikuwa imezimika, betri imekwisha tangu usiku. "Leta yenu."

"Imejaa, Papa. Haikamate foto."

"Leta tu."

Alijaribu kupiga picha, yakatokea maneno yale yale. Nilidhani atafuta picha, nikamshika mkono. "Tafadhali, usifinye 'effacer'! Mule muko foto ya Tate Rigobert ya matanga. Mama atanifukuza."

Papa Symphorien akanitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ulilegea. "Njo sababu haukusafisha?"

Nikatikisa kichwa kukubali kwamba ndiyo sababu.

"Angalia vidole vyangu basi." Akaingia kwenye mipangilio, kwenye orodha ya programu, akachagua kamera, akafungua sehemu ya hifadhi. "Kila mara unapiga foto, kamera inajitengenezea vipande vya kazi yake. Foto ndogo ndogo za kujisaidia, vitu vya muda. Ikimaliza, haitupe. Unaona? Hapa iko na giga moja na nusu ya takataka. Sasa kuko vitufe viwili. Hii, 'effacer les données', inarudisha kamera kama mupya. Hatuna kazi nayo leo, usiifinye kama haujauliza. Hii ingine, 'vider le cache', inaondoa zile za muda tu. Ni kama maji ulioshea muchele. Unamwaga maji, muchele inabakia mu sahani."

Akabonyeza. Namba ikashuka hadi sifuri. Nilihesabu moyoni: haikufika dakika moja.

Kwanza akanifungulia picha nilizoogopa kuzipoteza. Babu Rigobert alikuwapo na koti lake la bluu. Picha zote za mguu zilikuwapo, kutoka ya kwanza hadi ya Jumapili. Halafu akapiga picha mguu wa Kambo, safari hii kamera ikatii, akamtumia daktari wa hospitali kubwa kwa namba aliyoijua kichwani. Jibu likaja mara moja: mleteni sasa hivi.

Dakika moja. Ningeuliza tu, siku ile ya Jumatatu, ingekuwa dakika moja. Nilikaa kizingitini nikalia mpaka Précieux akaja kunipa kipande cha mkate alichokuwa ameanza kukila.

Kambo alikuwa amesikia yote kutoka kwenye mkeka wake. Alinyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akakikosa, akapata bega, akauacha mkono pale mpaka gari lilipokuja.

Daktari alikata kidole kidogo. Alisema kingebaki siku mbili zaidi, angekata mguu mzima chini ya goti. Mama alikuja hospitalini moja kwa moja kutoka sokoni, bado ananuka samaki, nikamweleza kila kitu kwenye ukumbi, mbele ya watu, kwa sababu nilijua nikingoja pa faragha sitasema. Nilingoja kofi. Mama akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu yeye mwenyewe.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu napita pale, nalala pembeni yake, na sikufunua hata blanketi."

"Na mimi pia," akasema Papa Symphorien, aliyekuwa amesimama karibu nasi na kadi ya mgonjwa mkononi. "Foto ya Jumanne ilikuwa na donda kubwa kupita ya Jumatatu. Muntu asiyechoka angeuliza. Mimi niliandika 'iko muzuri' na nikaendelea na mugonjwa mwingine." Akanigeukia. "Bénie, unisikilize. Kuchoka haiko kosa. Bote hapa tumechoka. Kosa ni kuficha kama umeshindwa. Siku unasema 'nimeshindwa', tuko batatu ba kutafuta njia. Siku unaficha, unabakia peke yako, na mugonjwa anabakia peke yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Na leo ulikuja kusema mwenyewe, hakuna muntu alikukamata. Hiyo njo iliokoa muguu. Hiyo pia uikumbuke."

Tangu siku hiyo tuligawana kazi. Mama alichukua maji ya asubuhi kabla ya kwenda kungoja samaki, na Jumapili donda lilikuwa lake. Kila Jumamosi mimi nilifungua mipangilio na kumwaga vitu vya muda vya kamera. Mara ya kwanza Mama alisimama nyuma yangu amekunja mikono, akinisomesha kila kitufe kwa sauti kabla sijakigusa.

Kambo alirudi nyumbani baada ya siku kumi na tisa, na vidole vinne mguu wa kushoto na utani wake wote. Alisema sasa kiatu kitakuwa kikubwa, anunuliwe kingine. Nilicheka kwa sababu yeye alitaka nicheke.

Asubuhi ya tatu nilimsogeza mlangoni kwenye mwanga, nikafungua kitambaa. Mshono ulikuwa mkavu, lakini pembeni, mahali pa ukubwa wa ukucha, palikuwa pekundu. Jana yake hapakuwa hivyo. Nilikuwa nimemwomba Mungu tumalize na mambo haya.

"Iko namna gani leo?" Kambo akauliza. Alikuwa ameelekeza uso wake barabarani, kwenye kelele za pikipiki.

"Kambo, pembeni iko nyekundu. Jana haikuwa vile. Sipende namna iko."

Nilidhani nimemtisha. Kisha akashusha mabega, taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

"Sasa njo naanza kupona," akasema. "Mutoto yangu, mimi sione ile muguu, na sisikie ile muguu. Tangu hospitali nilikuwa nauliza 'iko namna gani' na kila muntu ananijibu 'muzuri, muzuri', nikawa naogopa hiyo muzuri. Wewe uniambie mubaya ikiwa mubaya. Nitaogopa, ndiyo. Lakini nitaogopa na wewe, sitaogopa peke yangu. Na siku utaniambia muzuri, nitalala usingizi."

Nilipiga picha. Kamera ilitii. Nikamtumia Papa Symphorien na kuandika chini yake: "Hii ni ya leo. Kuko nyekundu pembeni." Alikuja kabla ya saa mbili, akaona kwamba nilikuwa nimefunga kitambaa kwa kukaza mno, akanionyesha namna ya kukilegeza.

Siku iliyofuata wekundu ulikuwa umepungua. Siku ya pili yake haukuwapo. "Kambo," nikamwambia, "leo iko muzuri."

Alikuwa amekwisha kulala pale pale mlangoni, mguu wake juu ya magoti yangu, na shuleni nilichelewa kwa sababu sikutaka kumwamsha.